Kura za Buyenzi Zilivyofika Carama

Leo heshima yangu imemwagika uani mwa madrasa, mchana kweupe, mbele ya watu ninaowaamkia kila siku. Naandika haya nikiwa nimekaa kitandani na kitenge kichwani (cha kujifichia, si cha urembo). Nimeamua niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kutoka kwa majirani, maana naambiwa avenue ya pili kutoka kwetu tayari wanasema nilizimia. Sikuzimia. Ningefurahi sana kuzimia.

Kwa wasionijua: naitwa Zubeda, nakaa Buyenzi hapa Bujumbura, nafundisha Kifaransa shule ya msingi. (Shikeni hilo la Kifaransa. Litaniumiza mbele huko.) Jioni na siku za mapumziko naandika blogu inayoitwa Mkeka wa Buyenzi. Ni ya Waislamu wa mji wetu. Nani kaoa, nani kafiwa, mtoto gani kamaliza juzuu, mwezi umeandama ama bado, na habari za wazee wetu kabla hawajaondoka nazo. Ni mwaka wa nne sasa. Ofisi yangu ni simu, kamera yangu ni simu hiyohiyo, na kioo chake kimepasuka katikati, kwa hiyo kila ninayempiga picha namwona ana kovu shavuni.

Mwezi uliopita tukaambiwa Mkeka umeingia kwenye shindano la blogu bora za nchi. Wasomaji ndio wapigaji kura. Mshindi anapewa kamera ya kweli na mafunzo ya kuitumia. Niliposoma hivyo nililia kidogo jikoni, nikasingizia kitunguu, kisha nikaanza kampeni siku hiyohiyo.

Kupiga kura kwenyewe ni kazi ya sekunde. Unafungua linki, unakuta orodha ya blogu zenye namba, unabonyeza namba unayoitaka, basi. Simu moja, kura moja. Blogu yetu ilikuwa namba kumi na saba. Mimi nilipiga ya kwangu siku ya kwanza, ukurasa haujapoa.

Shida ilikuwa moja. Ukurasa wote ni Kifaransa, tena herufi ndogo kama chawa, na wapiga kura wangu wengi ni mabibi, wauza mboga na mafundi cherehani. Wakifungua wanachoka kabla hawajafika kumi na saba. Nikafikiria, nikafikiria, nikatunga maneno ya kampeni. Nikayaandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya kijani, nikaisambaza mtaa mzima:

USISOME. BONYEZA KUMI NA SABA, UFUNGE.

Mwalimu mzima. Nimeandika "usisome" nikabandika ukutani.

Karatasi ya kwanza niliipeleka dukani kwa Mzee Nasri. Huyu lazima niwaeleze. Mzee Nasri anauza vitambaa, kama baba yake na babu yake aliyetoka Oman, na hapa Buyenzi neno lake lina uzito. Nilipoanza blogu alisema kuandika majina ya watu kwenye internet ni umbeya uliotiwa umeme. Alisema hivyo mbele ya watu, nami nikiwepo. Ilinichukua miaka mitatu ya kumsalimia kwa adabu, kununua vitambaa nisivyovihitaji (nina mapazia ya kutosha msikiti) na kumsomea makala moja moja, ndipo akaniruhusu nikae kwenye kigoda chake niandike habari za duka lile. Makala hiyo aliipenda. Hakusema ameipenda. Alinipa chai.

Basi nikaingia na karatasi yangu. Akaisoma, akavua miwani.

"Mi sijui mambo ya internet, binti yangu," akasema. "Lakini kama ni jina ya watu wa Buyenzi, mi niko. Bandika hapo mu mlango."

Kumbe alipania. Tangu siku hiyo hakuna aliyetoka dukani kwake na kitambaa bila kubonyeza. Anakata kitambaa, anakikunja, halafu anakishika. "Simu iko wapi? Haya, kumi na saba. Usisome." Alipiga simu mpaka kwa wanawe walioko Dubai.

Siku ya nne ikaja barua pepe kutoka kwa waandaaji. Ya Kifaransa, ndefu, imeanza na "Chers candidats", yaani wapendwa washiriki, na shukrani nyingi. Mimi nilikuwa nachuja maharage. Nikasoma mistari miwili, nikaona ni adabu tu, nikaifunga nikarudi kwa maharage yangu. Maharage yalitoka vizuri.

Kesho yake Shangazi Tatu akanipigia. Ni dada wa marehemu baba yangu, anauza vitumbua mlangoni kwake, na hana jambo analolinyamazia.

"Zubeda, mi nimebonya kumi na saba," akasema. "Imetokea picha ya munyama."

"Munyama gani, shangazi?"

"Mi sina miwani. Iko rangi ya pinki."

"Hiyo ni publicité tu, shangazi, matangazo ya biashara. Internet imejaa publicité."

"Ah. Bon. Basi nimetia na simu ya jirani."

Nikamshukuru. Nikamwombea dua ya maisha marefu. Nikaendelea na kampeni. Wifi yangu akaipeleka Kamenge kwa wanafunzi Waislamu wa huko. Hao wanasoma Kifaransa kuliko mimi, lakini mwambie mwanafunzi asisome kitu, uone anavyotii. Binamu yangu akaipeleka Kajaga kwa wauza samaki. Wiki mbili mtaa wetu ulikuwa kitu kimoja. Watu waliosusiana tangu arusi ya mwaka juzi walikuwa wanaulizana barabarani, "Umebonya?" Mimi nilikuwa natembea kama mheshimiwa.

Matokeo yalikuwa yamefichwa. Waandaaji walisema yangefunguliwa leo, Jumapili, saa nane mchana, na kura zingefungwa saa kumi na mbili jioni. Nikapata wazo (mawazo yangu haya). Kwa nini kila mtu atazame peke yake kwenye kasimu kake? Tutazame pamoja, tufurahi pamoja, na ambaye hajapiga apige hapohapo. Nikamwendea Ustadhi Ramadhani, mkuu wa madrasa yetu. Ni mtu mpole, anaongea kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Akanipa ua wa madrasa, kompyuta ya madrasa na projekta ambayo jirani mmoja huitumia kuonyesha mpira.

Saa saba na nusu ua umejaa. Mikeka imetandikwa. Akina mama upande huu, wanaume upande ule, Shangazi Tatu katikati na beseni la vitumbua. Tumetundika shuka jeupe kwenye kamba mbele ya ukuta. Mzee Nasri akafika na kanzu iliyopigwa pasi hadi inasimama yenyewe, akawekwa kiti cha mbele, mikono juu ya fimbo. Alikuwa amefunga duka. Jumapili ni siku yake kubwa ya biashara, na alikuwa amefunga.

Nimevaa baibui langu jipya na mtandio mweupe. Kumbukeni na mtandio huo.

Saa nane ikagonga. Nikafungua ukurasa. Ukachelewa, ukasitasita, kisha ukatoka. Ulikuwa na michirizi ya kuonyesha kura, kila mchirizi na namba yake, bila majina. Mmoja ulikuwa mrefu kupita yote, umeiacha mingine mbali kama mtu aliyeondoka na basi la kwanza.

Kumi na saba.

Akina mama wakapiga vigelegele. Ustadhi akasema "Alhamdulillah" kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Vijana wa Kamenge wakapigana mabega. Mimi nikatikisa kichwa kwa unyenyekevu, ule unyenyekevu wa mtu anayetaka kila mmoja auone.

Mzee Nasri akanyanyua fimbo. Ua ukatulia.

"Fungua hiyo blogu basi," akasema. "Watu waione kwa ukubwa. Mi naionaga mu simu tu."

Angeomba chochote kingine, ningekuwa mtu mwenye furaha hadi sasa.

Nikabonyeza kumi na saba.

Kwanza ikatoka picha ya majani ya kijani. Nikafikiri, sikumbuki picha hii. Halafu juu kabisa yakatokea maandishi makubwa ya Kirundi: Ubworozi Bwacu. Yaani Ufugaji Wetu. Nikafikiri, sikumbuki na jina hili. Halafu picha ikashuka taratibu, kwa maringo, na akatoka nguruwe.

Si nguruwe wa hivihivi tu. Nguruwe jike, mnene, wa pinki, amelala ubavu, na watoto wake wamepangana tumboni wananyonya. Urefu wake ni shuka zima. Alikuwa anatutazama.

Nikasikia kitumbua kimoja kikianguka.

"Zubeda," Ustadhi akasema polepole. "Toa."

"Natoa, Ustadhi."

Nikabonyeza pa kufungia. Kompyuta ya madrasa ni ya zamani, ukiiharakisha inakasirika. Ikaganda. Nikabonyeza tena, mara nyingi, kila mahali. Hapo ndipo nikagundua ile haikuwa picha. Ilikuwa video. Na projekta ya mpira ina spika zake. Nguruwe akakoroma, ua mzima ukamsikia, na nadhani avenue nzima.

"Zubeda, toa."

"Haitoki, Ustadhi."

Mama mmoja mwenye busara akaruka akavuta shuka. Shuka likashuka, nguruwe akabaki. Sasa alikuwa kwenye ukuta wenyewe wa madrasa, na kwa kuwa ukuta uko nyuma zaidi, alikuwa ameongezeka. Nikaona hakuna njia, nikakimbia nikasimama mbele ya projekta ili nimzibe. Nikamziba. Yaani ukuta ukapona, na nguruwe akahamia kwangu, kwenye mtandio wangu mweupe, watoto wake wamepangana kifuani pangu. Nilijua hilo kwa sababu wanafunzi wa Kamenge walikuwa wameinama wameshika matumbo, na mmoja alikuwa analia machozi ya kweli.

Aliyetuokoa ni Mzee Nasri. Alisimama, akaenda mpaka ukutani kwa mwendo wake wa siku zote, akatia fimbo kwenye waya wa umeme, akauvuta.

Nguruwe akatoweka.

"Basi ndiyo ile publicité," Shangazi Tatu akasema.

Nilitamani sakafu ipasuke. Lakini sakafu ya madrasa imejengwa vizuri, tulichanga sisi wenyewe. Nikatoa simu, nikaitafuta ile barua pepe. Nikaisoma, safari hii mpaka mwisho.

"Inasema nini?" Ustadhi akauliza.

"Ustadhi, ningependa niisome nyumbani kwanza."

"Tusomee sote."

Nikawatafsiria, nimesimama. Kwamba blogu moja iliyokuwa juu yetu kwenye orodha imejitoa. Kwamba kwa sababu hiyo namba za waliofuata zote zimeshuka kwa moja, na wa kumi na saba sasa ni kumi na sita. Kwamba tunaombwa tafadhali tuwajulishe wapiga kura wetu mapema.

"Ilikuja lini?"

"Siku ya nne."

"Na we shuleni unafundisha nini?" akauliza mama mmoja nyuma. Naamini aliuliza kwa nia njema.

"Kifaransa," nikasema.

Hapo ndipo kicheko kikaja. Hakikuja chote kwa pamoja. Kilianzia kwa vijana, kikapita kwa akina mama, na wengine hawakucheka kabisa. Mama mmoja alikuwa ameshika kichwa anasema, "Mi nimechukua simu ya watoto wangu wote. Yote, na ya mukwe." Mwingine akamuuliza Ustadhi kama kumpigia nguruwe kura ni dhambi. Ustadhi akafikiri. Akasema hakuna aliyemla, hakuna aliyemgusa, na kila mmoja alikusudia kumsaidia Zubeda, kwa hiyo waendelee na chai. Kisha akageuka ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Tukawasha tena, kwa uangalifu, ukurasa wa michirizi tu. Nikaitafuta kumi na sita. Tulikuwa chini kabisa, na kura za wale wachache waliowahi siku za mwanzo. Tulikuwa tumepitwa hata na bwana mmoja ambaye blogu yake yote inahusu baiskeli yake.

Mzee Nasri alikuwa amerudi kwenye kiti chake. Yeye ndiye niliyemwogopa. Ningevumilia anigombeze, lakini alikaa tu, anautazama ukuta mtupu. Miaka mitatu ya mapazia ilikuwa inanipita mbele ya macho. Nikaenda nikachutama karibu na kiti chake.

"Mzee, nisamehe. Nimekuaibisha."

"Nilipigisha kura mutaa nzima," akasema kwa sauti ndogo. "Nilishika vitambaa vya watu. Muhindi wa jirani, mi nilimushikia kitambaa mpaka akabonya." Akatazama fimbo yake. "Dubai pia."

"Ndiyo, mzee."

"Huyo mufugaji iko na namba ya simu?"

Sikuelewa. Akarudia. Nikatazama kwenye simu yangu, mkono umeificha picha. Namba ilikuwepo chini ya ukurasa, na jina: Deo, wa Carama, kaskazini mwa mji.

"Mupigie. Weka sauti watu wasikie. Mutu akichukua mali yako bila kujua, unamwambia."

Nikapiga. Simu ikapokelewa, nyuma yake kuna makelele ya sahani na watu wengi wanaongea.

"Allô, amahoro," sauti ya mwanamume, nzito, yenye furaha.

Nikajitambulisha. Nikamweleza kila kitu, karatasi ya kijani, usisome, barua pepe, ukuta. Nilipofika kwenye mtandio nikasita, lakini Shangazi Tatu akaninong'oneza, "Mwambie na hiyo," nikamwambia. Kisha nikamsikia anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na mtu akamletea maji, tulisikia glasi.

"Dada," akasema alipopata pumzi, "mi nilikuwa najiuliza. Hapa wanachama wa chama yetu ya wafugaji hawajapiga hata mumoja. Tulipanga tupige leo, pamoja, tukitoka misa. Saa nane nafungua, naona tuko mbele, mbele kabisa. Mi nikawaambia, jameni, kumbe dunia inapenda ingurube. Basi nikasema kuleni, hakuna haja ya kuchoka."

"Kumbe hizo kura ni za watu wa Buyenzi," nikasema. "Samahani sana."

"Samahani ya nini? Mi ndio nimekula kura zenu."

Mzee Nasri akaniashiria nimpe simu. Akaishika mbali na uso kama wanavyoishika wazee.

"Bwana Deo. Mi ni Nasri, wa duka ya vitambaa, hapa Buyenzi. Ni mi nilipigisha watu. Kosa ya Zubeda ni nusu, nusu ingine ni yangu."

Hakuna aliyewahi kumsikia Mzee Nasri akikiri nusu ya kosa. Hata robo.

"Nasri?" Deo akauliza. "Duka ya mulango ya kijani? Iko na kigoda?"

"Ndiyo hiyo."

Makelele ya sahani yakapungua, kama mtu aliyetoka nje. "Muzee, mi najua weye. Mi nilikuwa na miaka saba, mama yangu alinileta kwako kwa kitambaa ya uniforme. Ulinipima. Kisha wakati ya kukata uliongeza shibiri moja. Mama akasema, muzee, imezidi. Ukamwambia, huyu mutoto atarefuka, shona upindo mukubwa. Mi nilivaa ile suruali miaka ine. Kila mwaka mama anafungua upindo."

Mzee Nasri aliisogeza simu karibu. "Sikumbuki," akasema. "Nilikuwa naongezea watoto wote."

"Mi nakumbuka."

Akina mama hawakuwa wanacheka tena. Mmoja alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Hata mimi nikasahau aibu yangu kwa kama dakika moja.

"Sasa munisikilize," Deo akasema. "Sisi tuko hapa wengi, simu ziko na charge, hakuna mwenye amebonya. Nyinyi mumeshatupatia ushindi, sisi tumeshiba. Namba yenu mupya ni ngapi?"

"Kumi na sita," ua mzima ukajibu.

"Nawaambia wanachama. Lakini watasoma kwanza hiyo blogu yenu." Akaongeza, "Sisi huku tunasomaga."

Nilistahili. Nikainamisha kichwa. Ua mzima ukacheka, na safari hii Mzee Nasri naye alicheka, kicheko kifupi cha puani, lakini nilikisikia.

Tukaswali alasiri, tukarudi kwenye mikeka. Shuka likatundikwa tena. Nawaambieni, sijawahi kuona watu wakitazama mchirizi namna ile. Robo saa ya kwanza haukusogea. "Wanasoma," Ustadhi akasema. Kisha ukasogea kidogo. Kisha ukampita bwana wa baiskeli, tukashangilia kama ni fainali. Mara Deo akanitumia ujumbe kwamba wafugaji wawili wanagombana kuhusu mapishi yangu ya pilau ya Idi, mmoja anasema iliki imezidi. Mara akatuma mwingine kwamba mama yake, yule wa upindo, yu hai, na amesomewa habari za duka mpaka mwisho, akataka asomewe tena. Hilo nilimsomea Mzee Nasri kwa sauti. Akavua miwani akaifuta. Ilikuwa safi.

Saa kumi na mbili kura zikafungwa. Nguruwe wa Carama wa kwanza, hakuna wa kumkaribia. Sisi wa tatu. Nafasi ya tatu haina kamera. Ina cheti, na cheti chenyewe unajichapishia mwenyewe.

Mnajua nini? Nimeridhika. Ningesema nimesikitika ili nionekane mtu makini, lakini kweli nimeridhika. Wakati watu wanakunja mikeka, Mzee Nasri alinipita mlangoni akasema bila kusimama, "Uandike. Yote. Na nusu yangu uiandike." Kwa hiyo naandika, mzee, kama ulivyosema.

Jumamosi Deo anakuja dukani na mama yake, nitawahoji wote kwa ajili ya Mkeka. Alipiga jioni hii kuuliza atuletee zawadi gani kutoka kwenye ufugaji wake. Kabla sijafungua mdomo, Shangazi Tatu alininyang'anya simu.

"Lete ndizi," akamwambia. "Ndizi tu."

Sasa nimemaliza, nimeyasema yote. Kesho asubuhi saa moja nitapita barabarani kwenda shule, nimebeba madaftari. Nisalimieni kama siku zote, niulizeni habari za nyumbani. Anayetaka kucheka nampa ruhusa, ila angoje nikate kona.